Maswali ya wasomaji: Mimba wiki ya 24 na nyumba ya babu imejaa vumbi

SWALI: Shikamoo dada. Niko Ngamiani hapa Tanga, nina mimba ya wiki 24, uzao wa kwanza. Tunaishi kwenye nyumba ya marehemu babu yake mume wangu, ile nyumba ya Kiswahili ya zamani, korido katikati vyumba huku na huku, jiko na choo viko uani. Mume wangu ni dereva wa lori anafika mpaka Tunduma kwahiyo nyumbani nipo mimi na mafundi. Yeye alisema mtoto wake hawezi kuletwa kwenye nyumba inayovuja, basi tukaanza ukarabati wote kwa mpigo: plasta imegongwa vyumba vitatu, milango na madirisha yanapigwa msasa yapakwe upya, silingi bodi ya jipsamu imeshanunuliwa, na paa la jikoni ambalo ni asbesto fundi anataka alikate aweke bati. Jioni mafundi wakiondoka nafagia mwenyewe maana siwezi kulala kwenye vumbi. Wiki hii wameanza kupaka rangi milango, kichwa kinaniuma na kifua kinabana. Mama mkwe anasema ni mimba tu nitazoea. Mama yangu yuko Korogwe anataka niende kwake lakini nikiondoka nani atasimamia, saruji inaibiwa. Hela iliyobaki ni milioni mbili na laki tatu. Alafu wifi yangu kaanza maneno eti tunajijengea kwenye nyumba ya urithi. Nifanyeje dada? (Mama Kijacho, Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Barua yako nimeisoma jana usiku na nimeijibu kabla ya zote. Kwanza kabisa huo ufagio uweke chini leo leo, usifagie tena, na hicho kifua kinachobana kesho asubuhi kiseme kliniki, usisubiri tarehe ya kwenye kadi. Ikitokea pumzi inakata hata ukiwa umekaa basi ni hospitali saa hiyohiyo. Mama mkwe anakupenda na anasema alichokiona yeye, lakini kichwa kinachouma kila kopo la rangi likifunguliwa na kinachoacha ukitoka nje, hiyo ni tina na rangi ya mafuta, wala usijilazimishe kuizoea.

Pili, nenda Korogwe kwa mama. Uzao wa kwanza kwenda kwenu ni mila yetu, hakuna atakayekushangaa, we unawahi tu miezi kadhaa. Beba kadi yako ya kliniki uendelee kuhudhuria huko huko.

Sasa nikueleze kwanini nakuwa mkali hivi maana najua utakuja kuulizwa na wenzio. Nyumba za zamani, yale mafremu ya milango, madirisha ya mbao, na ule ukanda wa rangi ya mafuta unaopakwa chini ya ukuta mpaka usawa wa kiuno, mara nyingi rangi ile ya miaka ya nyuma ina madini ya risasi ndani yake. Ikiwa imetulia ukutani haina neno sana, shida inaanza fundi akiipiga msasa mkavu au akiichoma kwa moto ili ibanduke, hapo inageuka vumbi laini au moshi na wewe unavuta. Risasi ikishaingia kwa mama inapita mpaka kwa mtoto tumboni, kondo la nyuma haliizuii, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama. Inagusa ubongo wa mtoto. Na haiishii kuzaliwa, maana mtoto akifika miezi saba nane anatambaa, mkono sakafuni mkono mdomoni, lile vumbi mlilodhani limeisha anakuja kulila yeye.

Kwahiyo mwambie mumeo apige simu kwa fundi msasa usimame. Milango na madirisha yang'olewe mazima mazima yapelekwe nje mbali na nyumba yakafanyiwe kazi huko, tena kwa msasa wa maji, mbao ikiwa imelowa. Ule ukanda wa ukutani kama haujabanduka uachwe, uoshwe na kupakwa rangi mpya juu yake, hakuna haja ya kuukwangua. Vumbi lililopo sasa hivi lipigwe deki na kitambaa kibichi mara mbili tatu, na tambara litupwe, na afanye mtu mwingine siyo wewe. Na barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini la aina hii. Rangi mpya ya chumbani iwe ya maji, na mkinunua muulize muuzaji awaonyeshe kopo lililoandikwa kwamba halina risasi.

Hilo paa la jikoni ndo limenikosesha usingizi kabisa. Asbesto ikikaa yenyewe bila kuvunjika haina madhara makubwa, lakini ikikatwa kwa msumeno au grinda, ikitobolewa au hata kusuguliwa kwa brashi inatoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, zinaingia kwenye mapafu zinakaa humo, na saratani yake inaweza kutokea baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Fundi hatakohoa leo, ndo maana anaona ni kitu cha kawaida, na mi nawahurumia sana vijana wetu wanaokata yale mapaa kifua wazi. Msilikate mdogo wangu. Kama halivuji liacheni hapo lilipo. Kama ni lazima litoke basi mtoke wote, lilowanishwe maji kabisa, skrubu zifunguliwe, vipande vishushwe vizima, vifungwe kwenye nailoni nene, na kabla ya yote hayo muulize ofisi ya mazingira ya halmashauri au NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, namna ya kulitoa na pa kulizika, maana hiyo ni taka ya hatari, haitupwi jalalani wala hapewi jirani akazibe banda la kuku. Kazi hiyo ifanyike mwakani, mwaka huu msiiguse.

Nije kwenye hela na muda, maana najua hilo ndo linalowaumiza. Milioni mbili na laki tatu haimalizi nyumba ile hata mkijinyima vipi. Ila inamaliza chumba kimoja na bafu. Na mtoto mchanga hahitaji vyumba vitatu, anahitaji chumba kimoja kikavu kisichovuja, chenye wavu dirishani na chandarua kitandani, na wewe unahitaji mahali pa kukandwa arobaini yako bila kuteleza. Basi chagueni kile chumba kilicho karibu na uani, vile viwili vingine vifungwe milango vibaki na plasta yao iliyogongwa, havina haraka.

Hesabu yake mi naiona hivi. Uko wiki ya 24, mtoto akifika wiki ya 37 anaweza kuja siku yoyote, nyumba iwe tayari wiki ya 34 usibanwe. Una wiki kumi. Paa la chumba hicho lizibwe kwanza, maana plasta chini ya bati linalovuja ni hela ya kumwaga. Plasta ikishapigwa imwagiliwe maji siku saba, alafu iachwe ikauke kama wiki nne kabla ya rangi, na mafundi wengi watawaambia wiki moja inatosha lakini rangi ikiwahi kwenye ukuta mbichi inafura inabanduka na chumba kinabaki na unyevu na ukungu, na ukungu haufai kwa kifua cha mtoto. Wiki moja ya kupaka, alafu wiki tatu madirisha wazi mchana kutwa harufu iishe. Hapo umefika wiki ya 33. Mkianza Jumatatu hii inatosha, mkiendelea na vyumba vitatu kwa pamoja mtajifungulia kwenye tope. Bafu nalo, msinunue marumaru zinazong'aa, maji yakiingia utaanguka, sakafu ya saruji iliyokwaruzwa kwa ufagio inatosha na ni bei rahisi, weka mahali pa kuning'iniza kanga na taa iwake vizuri kwasababu mama atakukanda alfajiri na jioni. Na maji ya kukandia yawe ya vuguvugu tu, yale ya kuunguza ngozi hapana.

Kuna jambo moja kuhusu ile silingi bodi sijawahi kusikia fundi akiwaambia watu. Nyumba zetu za Kiswahili ukuta haufiki kwenye bati, pale juu pako wazi, hewa inapita, ndo maana bibi zetu waliweza kuweka jiko la mkaa chumbani kumpashia mzazi joto au kufukizia udi na watu wakaamka salama. Ukifunga jipsamu unaziba ule uwazi wote. Ukiweka na dirisha la kioo la kufunga, chumba kinakuwa kama chupa. Sasa mama yako akija na desturi yake ile ile ya jiko la mkaa kwa ajili ya mzazi na mtoto, ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, inaua watu wamelala. Kwahiyo mwambieni fundi aache matundu ya hewa juu ya dirisha pande zote mbili, yenye wavu wa mbu, na jiko la mkaa lisiingie kabisa chumbani, pasha nguo za mtoto nje kisha ziingize. Mama usimwambie kwa ukali, mwambie tu mama nyumba imebadilika.

Na maji ya ujenzi. Hili nalisema kwa uchungu kwasababu lilinikuta, mimba yangu ya pili tulikuwa tunaongeza chumba, fundi alikuwa na shimo la kuchanganyia na madumu ya maji nyuma ya nyumba, yakakaa wazi wiki tatu, nikapata malaria mwezi wa saba nikalazwa siku nne, mtoto akazaliwa na kilo mbili na gramu mia moja. Yuko salama namshukuru Mungu, lakini zile siku nne sizisahau. Mbu wa malaria anapenda madimbwi na mashimo yaliyotuama, na yule wa dengi anazaliana kwenye madumu na ndoo, na inamchukua kama wiki moja au mbili tu toka yai mpaka kuruka. Mashimo yafukiwe, madumu yafunikwe au yamwagwe kila wiki. Chandarua ulipewa kliniki, kitumie, huko Korogwe nenda nacho, na dozi za SP, vile vidonge vya kukinga malaria kwa mjamzito, zisikupite, zinatakiwa zifike tatu au zaidi kabla ya kujifungua, kila moja kwa nafasi ya mwezi.

Usimamizi ukiondoka umpe shemeji yako, au hata huyo wifi mwenyewe. Nina sababu. Nyumba ni ya babu, haijagawanywa, na hela zenu zinaingia humo. Wifi yako hakosei kuuliza, kakosea pa kuulizia tu. Mumeo akirudi safari aitishe kikao kifupi cha ndugu, msimamizi wa mirathi awepo, na kama hajateuliwa na mahakama ndo wakati wa kwenda Mahakama ya Mwanzo kulifuatilia, alafu iandikwe karatasi kwamba fulani na mkewe wametengeneza chumba hiki na bafu kwa kiasi hiki, kwa ridhaa ya wote, wasaini na mashahidi. Risiti zote za saruji na bati zitunzwe. Saruji ihesabiwe mifuko asubuhi na jioni, na fundi alipwe kwa hatua, plasta ikiisha kipande chake, rangi ikiisha kipande chake, asipewe zote mkononi hata akilia shida.

Ukifika Korogwe nitumie ujumbe nijue kifua kinaendeleaje.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni baba mtarajiwa hapa Morogoro, mke wangu ana miezi minane. Tunaongeza chumba, fundi anataka kumwaga dawa ya mchwa kwenye udongo kabla ya kumwaga zege la sakafu. Ameileta kwenye chupa ya maji ya kunywa, imepimwa, haina karatasi yoyote. Tunalala nyumba hiyohiyo. Kuna shida? (Baba Mtarajiwa, Morogoro)

JIBU: Ipo kaka, tena kubwa. Hujui ni dawa gani, hujui kipimo, na sumu nyingi za mchwa zinashambulia mishipa ya fahamu, mjamzito ndo mtu wa mwisho kulala juu yake. Dawa halali inakuwa kwenye kopo lake lenye lebo na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya serikali inayosimamia viuatilifu, na mpuliziaji anavaa glavu na buti. Kwa sasa acheni dawa. Ondoeni vipande vyote vya mbao, maboksi na mizizi kwenye udongo wa msingi maana ndo chakula chao, shindilieni vizuri, zege limwagwe nene lisiwe na nyufa, fremu ya mlango iwe ya chuma, na mbao yoyote isigusane na ardhi. Kama mchwa ni wengi kweli kweli basi mkeo ahamie kwa ndugu kwanza, mtaalamu aje na kopo lenye lebo, na mkeo arudi baada ya muda ulioandikwa humo. Kisima kama kipo karibu msimwage kabisa.

Na wewe ukishagusa kazi hiyo nguo zako fua mwenyewe, usimwachie mkeo kwenye beseni. Hiyo chupa mrudishie fundi leo kabla ya giza, maana chupa ya maji kwenye nyumba yenye watu mtu ataishika usiku akijua ni maji.