Miaka ya chuo Kenya na Tanzania: mstari umechorwa wapi?

Mhariri, swali lenu la wiki lilitaka wasomaji waseme iwapo Kenya imeiacha Tanzania nyuma katika elimu ya juu, kwa kuwa takwimu za kimataifa huonyesha kwamba kijana wa Kenya anatarajiwa kupata muda mrefu zaidi wa masomo ya chuo kuliko mwenzake wa Tanzania. Jibu langu ni kwamba Kenya imetangulia kweli, lakini si kwa umbali unaodhihirishwa na kipimo hicho, kwa sababu sehemu ya pengo hilo hutokana na mahali ambapo kila nchi imechora mstari kati ya sekondari na chuo.

Kipimo chenyewe hakimfuati mtoto mmoja hadi ahitimu. Huchukuliwa idadi ya walioandikishwa vyuoni mwaka husika, ikalinganishwa na idadi ya vijana wote wa umri huo, kisha uwiano huo ukajumlishwa umri kwa umri kana kwamba hali ya leo haitabadilika. Ndiyo maana jibu huweza kuwa pungufu ya mwaka mmoja, ingawa hakuna aliyepanga kusoma chuo kwa miezi michache: wachache husoma miaka mitatu, minne au zaidi, na walio wengi hawakanyagi chuoni kabisa.

Sasa tutazame mifumo. Mwaka 1985 Kenya ilianzisha mfumo wa 8-4-4, yaani miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu, ikafuta kidato cha tano na cha sita, na shahada nyingi za kwanza zikawa za miaka 4. Tanzania ilibaki na miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari ya kawaida, 2 ya kidato cha tano na cha sita, na 3 kwa shahada nyingi za sanaa, sayansi na ualimu. Jumla ni miaka 16 pande zote mbili. Tuseme vijana 10 katika kila 100 wanaingia chuo kikuu katika kila nchi na wote wanamaliza: Kenya itaandikiwa miaka 0.4, Tanzania 0.3. Kenya imezidi kwa theluthi nzima bila kijana hata mmoja wa ziada kuingia darasani, kwa kuwa miaka miwili ambayo Mtanzania anasoma kwa taabu kubwa kabla ya chuo huhesabiwa kuwa sekondari. Mimi nimefundisha kidato cha sita, na hesabu tulizokuwa tukifanya hazikuwa nyepesi hata kidogo.

Lipo jambo jingine linalonisumbua zaidi. Kipimo huhesabu uandikishaji, hakihesabu masomo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, nacho hakikufunguliwa hadi mwaka uliofuata. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilifungwa mwaka 1990 na wanafunzi wakarudishwa makwao. Mgomo wa wahadhiri unaposukuma shahada ya miaka minne hadi mwaka wa tano, mwanafunzi aliyepoteza muda huo huendelea kuhesabiwa, na taifa likaonekana limeongeza elimu.

Hata hivyo, tusijifiche nyuma ya hesabu. Kenya ilianzisha bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu kwa sheria mwaka 1995, ilhali ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia mwaka 1998, na vingine vikafuata. Mkenya pia hupita chujio moja, mtihani wa kidato cha nne, ambao mwaka 2024 takriban robo ya watahiniwa walipata C+ inayohitajika kuingia chuo kikuu. Mtanzania anayefuata njia ya kawaida hupita machujio mawili, mtihani wa kidato cha nne na wa kidato cha sita, na kwa maoni yangu lile la kidato cha nne ndilo linaloumiza, kwa sababu huwapoteza vijana wengi kabla hata hawajaingia katika hesabu ya elimu ya juu. Njia ya stashahada kupitia vyuo vya kati huwaokoa baadhi, lakini ni ndefu na familia nyingi huielewa baada ya muda kupita.

Jambo hili litakuwa la haraka hivi karibuni. Chini ya mtaala mpya wa Kenya, wanafunzi watasoma sekondari ya juu kwa miaka 3 na shahada kwa miaka 3, na kundi la kwanza linatazamiwa kuingia chuo kikuu mwaka 2029. Miaka ya elimu ya juu ya Kenya inaweza kushuka baada ya hapo, hata kama idadi ya vijana wanaoingia haitapungua. Kwa hiyo ninaomba kwamba kila mnapochapisha kipimo hiki, mkiwekee kando yake mambo mawili: jumla ya miaka tangu darasa la kwanza hadi shahada, na idadi ya wanaohitimu kati ya kila vijana 100 wa rika lao.