Umasikini peke yake hautoshi kueleza wizi wa magari

SWALI: Shikamoo kaka. Nasoma sosholojia mwaka wa pili, lekcha katupa asaimenti tutumie nadharia za uhalifu kueleza wizi wa magari sehemu yoyote duniani. Mi nikachukua Marekani, nikaandika vijana wanaiba sababu ya umasikini na kukosa ajira, nikamuweka na Merton, yule mwanasosholojia, humo. Karudisha kaandika tu "mbona mwaka ule na sio mwaka mwingine?" Sasa anataka nini? – Mwanachuo, Iringa

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Lekcha wako kakuuliza swali zuri sana, usikasirike: umasikini upo kila mwaka, sasa kwa nini wizi upande mwaka fulani tu?

Merton, tangu 1938, anakueleza kwa nini mtu anatamani njia ya mkato, jamii inamwambia lazima ufanikiwe af njia za halali kwake zimezibwa. Sawa. Ila angalia mji wa Milwaukee, hukohuko Marekani: 2020 ziliibiwa gari kama 4,500 hivi, 2021 zikapita 10,000, na karibu theluthi mbili zilikuwa Kia na Hyundai. Kwani umasikini uliongezeka mara mbili ndani ya mwaka mmoja, tena ukachagua kampuni mbili tu?

Hapo ndo unawahitaji Cohen na Felson, 1979, wanaosema uhalifu unatokea pale vitu vitatu vinapokutana sehemu moja muda mmoja: mtu mwenye nia, kitu rahisi kuibika, na hakuna mlinzi. Na mlinzi sio polisi tu, jirani ni mlinzi, geti ni mlinzi. Kia na Hyundai nyingi za funguo ya kuzungusha zilizouzwa Marekani kuanzia kama 2011 hadi 2021 hazikuwa na imobilaiza, kile kifaa kinachokataa injini isiwake mpaka kisome chipu ya funguo yake. Kanada sheria inakilazimisha kwenye gari mpya tangu 2007, kampuni ni zilezile, vijana wenye shida wapo kule pia, lakini wimbi lile halikuvuka mpaka! Hii ndo hoja yako kubwa, ikalie hapo uichambue vizuri.

Af usimsahau Sutherland, yeye anasema uhalifu unafundishwa, mbinu na hata ule moyo wa kuona ni kawaida. Milwaukee vijana walifundishana, 2022 video zikasambaa TikTok na miji mingine ikafuata.

Kitu kingine, sema wazi ni wizi gani unaoueleza, maana wengi wa hao vijana walitaka kuendesha tu na kujirekodi, wanaitelekeza gari. Ni tofauti kabisa na zile Lexus na BMW zilizoibwa Uingereza zikakutwa Kampala 2015, zimesafirishwa kwa kontena mpaka Mombasa. Hiyo ni biashara ina mnunuzi na faida, pale kamsome Clarke na Cornish, wanaoongelea mhalifu anayepiga hesabu ya faida na hatari kabla hajaiba. Merton mbakishe, ila kwenye ile nia tu.