Kwa nini 75 ya Panther inatoboa kuliko 88 ya Tiger

Mkuu, jedwali ulilobandika la unene wa chuma unaotobolewa na mizinga ya Panther na Tiger I, vifaru vya Ujerumani vya Vita vya Pili vya Dunia, liko sahihi. Umeuliza inakuwaje mzinga wa milimita 75 wa Panther utoboe chuma kinene kuliko ule wa 88 wa Tiger I, na tayari kuna waliokujibu kwamba ni kosa la uchapaji. Si kosa. Kipenyo peke yake hakikuambii mengi. Tazama urefu wa mtutu na ukubwa wa ganda la baruti.

Mtutu wa Panther (KwK 42 L/70) ni mara 70 ya kipenyo chake, yaani mita 5.25. Wa Tiger (KwK 36 L/56) ni kama mita 4.93. Ganda la risasi ya Panther lina urefu wa milimita 640, la Tiger 571. Ndiyo maana kombora la Panther, kilo 6.8, linatoka kwa kasi ya mita 925 kwa sekunde, na la Tiger, kilo 10.2, kwa mita 773.

Piga hesabu: nusu ya uzito, mara kasi, mara kasi tena. Panther inapata kama megajuli 2.9, Tiger 3.05. Kwa jumla Tiger iko juu! Ila nguvu yake inatua kwenye duara la sentimita za mraba 61, ya Panther kwenye 44 tu. Hapo ndipo chuma kinapotobokea.

Sasa rudi kwenye jedwali, mstari wa Pzgr. 39, kombora la kawaida la kutoboa chuma, bamba likiwa limelazwa nyuzi 30 kutoka wima. Mita 100: Panther inatoboa milimita 138, Tiger 120. Mita 1000: 111 kwa 100. Mita 2000: 89 kwa 84. Pengo limeshuka kutoka milimita 18 hadi 5, kwa sababu kombora jepesi huishiwa kasi mapema hewani. Mstari wa Pzgr. 40, ule wa kiini cha tungsteni, usikubabaishe: tungsteni ilikuwa adimu Ujerumani, viwanda viliihitaji kwa zana za kukatia chuma, na wapiga mizinga wengi walitegemea Pzgr. 39.

Na usiidharau 88. Kombora lake la mlipuko lina uzito wa kama kilo 9, la Panther halifiki 6, na dhidi ya mahandaki au mizinga iliyofichwa tofauti hiyo ni kubwa. Pia bamba la mbele la T-34, kifaru cha Kisovieti, lina unene wa milimita 45 na limelala nyuzi 60. Kombora lenye kipenyo karibu mara mbili ya unene wa bamba halisumbuliwi sana na mlalo huo.

Jambo ambalo majedwali hayaonyeshi ni kulenga. Ndani ya darubini ya Panther kuna pembetatu kubwa katikati na ndogo tatu kila upande, ncha hadi ncha strichi 4 (strichi ni kipimo cha pembe). Strichi 1 ni upana wa mita 1 kwa umbali wa mita 1000. T-34 ina upana wa mita 3, kwa hiyo ikijaza strichi 3 iko mita 1000, ikijaza 4 iko mita 750.

Kosa kubwa linatokea kifaru kikikaa upande. Ubavu wa T-34 unakaribia mita 6, kwa hiyo ukiwa mita 1000 unajaza strichi 6. Mpigaji akidhani anaona uso wa mita 3, atasoma mita 500, na kombora litaanguka kabla ya kuifikia shabaha. Kasi ya 925 husaidia makosa madogo, kwa kuwa njia ya kombora imenyooka zaidi, lakini kosa la nusu ya umbali haliokoi. Dawa yake ni kutazama mavumbi ya risasi ya kwanza yameruka wapi, kisha kuongeza umbali kabla ya kupiga ya pili.