Hesabu Saa za Injini, Si Misimu

Msomaji mmoja wa Njoro ameniandikia akiuliza anunue mashine gani mpya ya kukata nyasi, kwa kuwa ile anayoisukuma sasa, ambayo haijatimiza mwaka, inatoa moshi wa samawati na kupoteza nguvu katikati ya kazi. Nilimuuliza injini imefanya kazi saa ngapi tangu oili ibadilishwe. Hakujua. Wengi wetu tunaowania kandarasi za shule na mahoteli hapa Nakuru tunajua kila shilingi tunayodai, lakini saa za injini hatuziandiki popote.

Vijitabu vya mashine hizi kwa kawaida huagiza oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 5, kisha kila baada ya saa 50 au kila msimu, na mapema zaidi penye vumbi. Agizo hilo linamfaa mwenye nyumba wa Ulaya anayekata bustani yake mara moja kwa wiki, na ambaye nyasi zake huacha kukua wakati wa baridi. Anayekata nyasi saa 5 kwa siku hufikisha saa 50 katika siku 10 tu. Mimi hubadilisha kila baada ya saa 25, injini ikiwa bado na joto, na kwa kuwa mashine nyingi za aina hii hunywa takriban nusu lita ya oili ya SAE 30 au 10W-30 (namba za uzito wa oili zilizoandikwa kwenye kopo), sioni kwa nini mtu aionee uchungu gharama hiyo.

Vumbi letu nalo si la kawaida. Udongo wa huku una majivu ya volkeno, na ifikapo Januari hupeperuka laini kama unga na kuziba kichujio cha hewa. Hilo ndilo lililonirudishia heshima. Meneja wa nyumba moja ya wageni mtaa wa Milimani alikuwa amenivunjia mkataba mbele ya wafanyakazi wake, akisema mashine iliyopauka rangi inawaaibisha wageni, kisha akawapa kazi vijana waliokuja na mashine zinazong'aa. Maneno yale yananichoma hadi leo. Kiangazi kilipokolea, mashine zile zikaanza kukohoa, na moja ikafa kabisa; fundi aliyeifungua alikuta kichujio kimeraruka na silinda imekwaruzwa na mchanga. Niliitwa tena. Nilipandisha bei, nikalipwa, na mashine ni ile ile iliyopauka.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni kupenda rangi. Kichujio cha sponji kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikauke kabisa, kipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Cha karatasi hakioshwi. Kigongwegongwe taratibu, na kikiwa cheusi kitupwe. Anayeona uvivu kukitazama kila jioni wakati wa kiangazi hajawa tayari kwa biashara hii, hata akope benki.

Rafiki yangu wa Njoro asikimbilie dukani bado. Moshi wa samawati ni oili inayoungua, lakini huenda ameijaza kupita alama ya kijiti cha kupimia oili, au huilaza mashine upande usiofaa anapoisafisha chini. Inapolazwa, kabureta na kichujio viwe juu, na kofia ya plagi ya cheche iwe imeng'olewa kabla mkono haujakaribia kisu. Pia asiichanganye petroli na oili kama wafanyavyo wenye mashine nyingi za kufyekea za kubeba begani. Injini hii ya mipigo minne ina oili yake peke yake. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi mmoja isitumiwe, kwani huacha utando katika kabureta. Moshi ukiendelea baada ya hayo yote, huenda ringi za pistoni zimeisha.

Kisu chenyewe hunolewa kwa tupa, kisha huning'inizwa kwenye msumari kupitia tundu la katikati: upande ukishuka, upunguzwe hadi pande zote zitulie sawa, la sivyo mtikisiko utaharibu kranki, yaani mhimili wa injini unaozungusha kisu. Kisu kilichopasuka kisipelekwe kwa fundi wa kuchomelea hata akikubali kwa bei ya chai, kwa sababu kiungo kile kinaweza kukatika kikiwa katika kasi na kumrukia mtu. Kinunuliwe kingine.