Jibu: Kampaundi ya mtumba inalia "tak" na mshale unaingia mkia juu – kagua mikono ya upinde kabla ya kugusa boliti

Mkuu, umesema uko Mafinga, umenunua upinde wa kampaundi (ule wenye magurudumu na kebo) wa mtumba, wa kuvutwa kwa paundi 70. Ukivuta unalia "tak" karibu na mkono wa juu (mikono ni zile sehemu mbili zinazopinda), mshale unachoma lengo mkia ukiwa juu, na aliyekuuzia anakwambia kaza tu boliti zinazoshika mikono. Usikaze. Wala usiuvute tena kabla hujakagua mikono.

Mkono wa upinde ni tabaka za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa epoksi, nyuzi zikilala kwa urefu. Ukivuta, upande unaotazama lengo unanyooshwa na upande unaokutazama wewe unabanwa, ndiyo maana uharibifu huja kwa sura mbili. Chukua pamba ya dukani, ipitishe taratibu kwenye kingo zote, kuanzia mkono unapoingia kwenye kikombe chake (kishikizo kwenye mpini) hadi kwenye ekseli ya kamu (gurudumu la nchani). Pamba ikinasa hata uzi mmoja, hapo nyuzi zimeanza kuachana. Halafu mulika tochi kwa ubavu upande wa ndani, utafute mstari mweupe unaokata mkono kwa upana. Huo ni mkono uliokwisha kupondeka. Ukikuta kimojawapo, acha kuutumia upinde. Gundi haisaidii, na msasa unaficha tu ushahidi.

Pamba isiponasa na mstari usiwepo, mara nyingi mlio unatoka kwenye kikombe kilichojaa vumbi. Lakini kukifungua kunataka presi ya upinde, mashine inayobana mikono ili uzi ulegee. Mikono ya kampaundi imebanwa hata upinde ukiwa umetundikwa ukutani, kwa hiyo tafadhali usimpelekee seremala aubane kwa jiliwa. Ukiponyoka ni jicho hilo.

Kinachoua mikono zaidi ni kuachia uzi bila mshale, na mshale mwepesi ni ndugu yake: nguvu isiyochukuliwa na mshale inarudi kwenye mikono. Kima cha chini ni greni 5 kwa kila paundi, hivyo paundi 70 zinataka greni 350, sawa na gramu 22.7, mshale ukiwa kamili na ncha yake. Mizani ya wanunuzi wa dhahabu kule Chunya inapima hili vizuri sana. Cha tatu ni joto. Gari lililofungwa juani Usangu linatosha kulegeza epoksi, hata kama asubuhi ulitoka Makete kwenye baridi.

Mikono ikiwa mizima, ndipo uje kwenye boliti. Kaza zote mbili taratibu hadi mwisho, kisha legeza sawasawa, robo mzunguko juu, robo chini. Mzunguko mmoja hubadili paundi 2 hivi, na kitabu cha upinde kinasema mwisho wa kulegeza ni mizunguko mingapi. Ukipita hapo boliti inaweza kuchomoka. Pima kwa mizani ya kidijitali ya mabegi: paundi 70 ni kilo 31.75. Ile ya kupimia magunia ya viazi haina usahihi unaohitaji hapa.

Sasa huo mkia juu. Kama upinde wako una kamu mbili, mwenzako aangalie ukivuta: vizuizi vya kamu zote lazima vigonge kwa wakati mmoja. Kimoja kikichelewa, kebo imerefuka, inasokotwa nusu msokoto kwa wakati, tena kwenye presi. Kamu zikiwa sawa, paka manyoya ya mshale poda ya mtoto, piga, uone kama yanagusa resti (kishikilia mshale). Yasipogusa, piga kupitia karatasi iliyotandazwa kwenye fremu, umbali wa mita 2. Mkia ukichana juu ya ncha, pandisha resti nusu milimita, piga tena. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati na uandike, la sivyo utazunguka siku nzima.

Mikono ikiwa imeharibika, mwandikie mtengenezaji, ila usiandike "upinde umevunjika" ukakaa kusubiri. Tuma namba ya upinde, herufi na namba zilizoandikwa kwenye mikono (zinaonyesha ugumu wake), uzito na urefu wa kuvuta, uzito wa mshale, na picha tatu: upinde mzima, ufa kwa karibu, na lebo. Agiza mikono kama seti, kwa sababu mipya na ya zamani haipindi sawa. Dhamana kwa kawaida ni ya mnunuzi wa kwanza, kwa hiyo mtumba jiandae kulipia. Taja ukweli huo mwanzoni, utajibiwa haraka kuliko ukiuficha wakaugundua kwenye namba. Kwa kampuni za Marekani piga simu jioni, huko ndiyo asubuhi.

Na kama lengo lako ni kuwinda, kibali kwanza: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakitaka, hata ukiwinda kwa upinde.

Mikono mibovu usiitupe mpaka dai lifungwe. Wengine huitaka irudi ndipo watume mipya.