Mnaopima vitamini D kwa wagonjwa wa baridi yabisi, sikilizeni

Wadogo zangu wa MMed (shahada ya uzamili ya udaktari), kila msimu wa mapendekezo ya utafiti naletewa andiko lilelile: tutapima vitamini D, tutapiga DAS28 (alama ya ukali wa ugonjwa, inayojumlisha viungo 28 vinavyouma na vilivyovimba, kipimo cha damu, na mgonjwa anavyojisikia), tutaonyesha kwamba upungufu huzidisha ukali wa ugonjwa. Hitimisho limetangulia damu! Nawapenda, ila shikeni haya.

1. Agizeni 25(OH)D, inayoonyesha akiba ya vitamini D mwilini, si 1,25, ile iliyokwisha kuamilishwa. Hiyo ya pili huweza kusoma vizuri hata akiba ya mwili ikiwa imekwisha.

2. Andikeni vizio vya kipimo. 45 kwa ng/mL inatosha. 45 kwa nmol/L iko chini ya 50, mpaka unaotumiwa na wengi.

3. Hapa ndipo mnapoanguka. Dada mmoja alitetea tasnifu yake vizuri mpaka alipoulizwa: je, kama ugonjwa ndio ulioshusha vitamini? Akanyamaza. Mwenye magoti yaliyovimba hatoki kuota jua, na inflamesheni kali (mwako wa kinga unaovimbisha viungo) yenyewe huishusha 25(OH)D. Ukipima vyote viwili siku moja, huwezi kujua kipi kilitangulia.

Baadaye tuliketi na fomu zake, tukaivunja DAS28 vipande vipande. Ikatokea ya mama mmoja: viungo vilivyovimba sifuri, vinavyouma vingi, na kwenye ule mstari wa milimita 100, ambapo mgonjwa huonyesha anavyojisikia, alama ameiweka karibu na mwisho, upande wa hali mbaya. ESR (kasi ya chembe nyekundu za damu kutuama, kipimo cha inflamesheni) iko juu, lakini hemoglobini iko chini, na upungufu wa damu peke yake hupandisha ESR. Jumla ikavuka 5.1, akahesabiwa mwenye ugonjwa mkali. Kumbe upungufu wa vitamini D huumiza mifupa na kulegeza misuli, na maumivu hayo yanaingia kwenye DAS28 kama vile ni ya viungo! Mama wa namna hiyo huongezewa methotrexate, dawa ya baridi yabisi, asiyoihitaji. Basi ripotini kila kipande peke yake, na CRP, kipimo kingine cha inflamesheni katika damu, iwepo.

4. Msiseme "kwetu jua lipo, upungufu hautakuwepo", wala kinyume chake. Utafiti wa mwaka 2012 uliwakuta Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania na wastani wa 115 nmol/L, lakini hao hushinda nje. Mgonjwa wako anashinda dukani au ndani. Ulizeni mavazi, saa za kukaa juani, uzito, na kama anatumia prednisolone, dawa ya steroidi.

5. VITAL, jaribio la vitamini D la Marekani, mnaitaja vibaya. Watu 25,871, wengine wakipewa IU 2000 kwa siku, miaka kama mitano. Matokeo ya 2022 yalionyesha magonjwa ya kinga kuushambulia mwili wenyewe yakipungua kwa asilimia 22. Waliohesabiwa ni walioanza kuugua. Ukali kwa aliyekwisha kuugua ni swali jingine kabisa.

Mkimkuta ana upungufu, mpeni vitamini D kwa ajili ya mifupa yake, hasa akiwa kwenye prednisolone. Na mwambieni waziwazi kwamba vidonge hivyo havichukui nafasi ya methotrexate, maana wapo wanaoiacha.