Je, Tate Alinidanganya Kuhusu Mazuku?

SWALI

Mama, nililelewa na tate wangu, mzaa mama, upande wa magharibi wa Goma, si mbali na barabara ya Sake. Alitufundisha kwamba roho za waliokufa zinakaa katika moto wa Nyiragongo, mlima wa volkano ulio juu ya mji wetu, na kwamba mazuku ni roho mbaya inayotembea usiku mabondeni na kukamata watoto wasiosikia. Niliamini yote kwa moyo mzima. Mwaka huu, chuoni, mwalimu alitueleza kwa dakika chache kwamba mazuku ni gesi tu. Wenzangu walicheka, lakini mimi nilirudi nyumbani kama mtu aliyefiwa. Siwezi tena kumsikiliza tate kama zamani, na mdogo wangu wa miaka minane ananiuliza kama roho hiyo ipo kweli. Nimwambie nini?

Msomaji, Goma

JIBU

Binti yangu, kudanganya ni kumwambia mtu jambo ambalo wewe mwenyewe huliamini. Tate wako aliamini, na alikupa kile alichopewa na wazazi wake. Kwa hiyo hakukudanganya. Majonzi yako ni ya haki, wala sitakuharakisha uyaache, kwa sababu mtu aliyeishi miaka yote chini ya mlima wenye wakazi hawezi kuuona ukiwa mtupu kwa siku moja asiumie.

Lakini hilo neno “tu” la mwalimu wako silikubali. Gesi hiyo ni kaboni dayoksaidi, ambayo wengine huiita hewa ukaa. Hutoka ardhini kupitia nyufa za miamba ya volkano, haionekani wala hainuki, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa karibu mara moja na nusu, hutuama mabondeni kama maji. Usiku na alfajiri, upepo unapotulia, huzidi kujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, hupungua. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita mahali hapo kichwa chake kikiwa juu ya gesi, huku mbuzi, mbwa au mtoto anayemfuata akianguka nyuma yake. Sasa yarudie maneno ya tate: usiku, mabondeni, watoto. Watu wasiokuwa na kipimo chochote walitazama vifo kwa uangalifu mkubwa, vizazi kwa vizazi, wakatambua mahali, saa na wanaokufa kwanza. Walichokosa ni sababu.

Hata hivyo, kuikosa sababu kulituumiza sana. Nilipokuwa msichana, jirani yetu alimpoteza mtoto aliyetumwa kuchota maji alfajiri. Matangani hakuna aliyeuliza bonde lile lina nini. Tulinong’ona kwamba mtoto yule hakuwa msikivu, na mama yake alitusikia. Mimi pia nilinong’ona. Miaka mingi baadaye, nilipojifunza habari za gesi, jambo la kwanza lililonijia ni uso wa mama yule, aliyebeba msiba na lawama pamoja ilhali mtoto wake alikufa akitii alivyotumwa.

Ndivyo ilivyo kwa mlima pia. Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni, upande wa kusini, na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ikiunguza maduka, nyumba na hata Kanisa Kuu la Katoliki. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Anayeamini kwamba mlima huadhibu atatafuta mkosaji, na kwa kawaida humpata kati ya wanyonge. Anayejua kwamba ardhi ya Bonde la Ufa inatanuka na kupasuka atauliza nyufa ziko wapi na watu wakimbilie upande gani.

Kwa hiyo mdogo wako mwambie ukweli, ila usimwambie kwa kicheko. Mwambie kwamba tate alisema kweli kuhusu bonde, na kwamba kinachoua humo ni hewa, ambayo haijali kama mtoto ni mtiifu au mkaidi. Mfundishe hasa jambo ambalo hofu ya roho haikutufundisha: akimwona mbuzi au mwenzake ameanguka bondeni, asishuke kumwinua, kwa maana wengi hufa wakimfuata wa kwanza, akimbie kuita watu wazima.

Kisha keti na tate. Usianze na kaboni dayoksaidi. Muulize ni mabonde gani aliyokatazwa yeye mwenyewe alipokuwa mtoto, uyaandike moja baada ya jingine, maana mji umepanuka sana, na huenda baadhi yake leo yamejengwa nyumba ambazo watu wanalala ndani.